Fidia ya majeraha: mahakama inalipa nini na hailipi nini

Majeruhi haji ofisini kwangu peke yake. Huja na mjomba, na kaka, wakati mwingine na jirani aliyeshuhudia ajali, na mjomba ndiye mwenye maneno: "Wakili, huyu mwenye gari tumfilisi, iwe fundisho kwa wenzake." Uchungu huo naujua. Kijana aliyekuwa analisha nyumba nzima amelala na vyuma kwenye paja, na mwenye gari hajafika hata kumjulia hali.

Ila nafanya kazi ya uwakili huku kusini mwa Tanzania, na ninawiwa kusema kile ambacho familia nyingi za Mtwara na Lindi huambiwa wakiwa wamechelewa: sheria yetu ya madhara haikujengwa juu ya kumfilisi mtu. Imejengwa juu ya kumrudisha aliyeumia pale alipokuwa kabla ya kuumizwa, kwa kadiri fedha inavyoweza. Fidia ya kuadhibu ipo, lakini mlango wake ni mwembamba sana. Familia inayotumia nguvu zake zote kuugonga mlango huo huku risiti zinapotea inajinyima fedha ambazo ingezipata bila shida.

Tuanze na fedha zinazopatikana. Hasara mahususi ni zile unazoweza kuzihesabu: dawa, picha ya eksirei, upasuaji, nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya Ligula au Ndanda, mshahara uliokatika. Mahakama ya Rufani ilishasema katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, lililochapishwa mwaka 1992, kwamba hasara ya namna hii lazima itajwe waziwazi kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Usipoitaja huipati. Ukiitaja bila uthibitisho, huipati vilevile, hata kama hakimu anauona mguu wako umepinda mbele yake.

Nimimine hapa mfuko mmoja wa karatasi kama ninavyoumimina mezani kila mara. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ipo, imekunjwa mara nne, muhuri wa kituo unasomeka nusu. Picha ya eksirei ipo. Risiti tatu za hospitali zina jina la mgonjwa. Mbili za duka la dawa hazina jina wala tarehe, wino umeshafifia. Za gari lililokodiwa kutoka kijijini usiku ule hamna kabisa. Mguu wa mgonjwa ni uleule, maumivu ni yaleyale, ila mfuko huu unathibitisha kiasi kidogo tu cha fedha iliyotumika. Malipo ya hospitali za serikali yanaweza kufuatiliwa kwa namba ya malipo hata baada ya miezi. Dereva aliyekubeba anaweza kuandika jina lake, tarehe, safari na kiasi, kisha akaja kutoa ushahidi. Duka la dawa liombe risiti yenye jina palepale. Na wino ukianza kufifia, piga picha kwa simu siku hiyohiyo.

Kipato kilichopotea ndicho kinachonisumbua zaidi, kwa sababu watu wetu wengi hawana karatasi ya mshahara. Hakimu akimuuliza mkulima wa Tandahimba alikuwa anapata kiasi gani, hujibu "natosheka tu." Jibu hilo ni la kiungwana, lakini halimsaidii. Kumbe mkulima wa korosho ana ushahidi mzuri kuliko wafanyabiashara wengi wa mjini: mauzo yake yamepita AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, kilo zimeandikwa, malipo yameingia benki. Akitoa taarifa ya akaunti ya misimu miwili au mitatu kabla ya ajali, na ya msimu ule ambao hakuweza kupuliza salfa wala kuokota, tofauti inaonekana kwa macho. Aongeze malipo ya vibarua waliomfanyia kazi aliyokuwa anaifanya mwenyewe. Mama anayekaanga samaki Msangamkuu na kuvuka kuja kuuza mjini hana AMCOS, lakini huenda ana kikoba. Daftari la kikoba linaloonyesha alikuwa anaweka fedha kila wiki, kisha likakatika wiki ile aliyogongwa, mimi nalipeleka mahakamani bila kusita, pamoja na mvuvi anayemuuzia samaki akiwa shahidi.

Maumivu, kovu usoni, kushindwa kubeba mtoto, usingizi uliopotea: haya yako kwenye fidia ya jumla. Hapa hakuna risiti, hakimu anakadiria kwa busara yake. Ila busara hiyo nayo ina masharti. Katika shauri la Anthony Ngoo na mwenzake dhidi ya Kitinda Kimaro, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba anayetoa fidia ya jumla lazima aseme sababu, na sababu hizo zitoke kwenye ushahidi. Kwa hiyo simulizi ya kina ya mke kuhusu jinsi mume anavyoamka usiku kwa maumivu ina thamani kubwa kuliko kuandika milioni mia tano kwenye hati ya madai. Kiasi hicho hakimtishi mtu. Wala hakikupeleki mahakama ya juu, maana kinachoamua ni mahakama ipi yenye mamlaka kwa kiasi cha fedha kinachodaiwa ni dai la msingi, yaani hasara mahususi, si fidia ya jumla. Nimeona mashauri yakiondolewa kwa kosa hili, na muda unakwenda.

Sasa ile adhabu aliyoitaka mjomba. Mwaka 1964, katika shauri la Rookes dhidi ya Barnard, jaji Lord Devlin wa Uingereza aliiwekea mipaka: maafisa wa serikali wanapotenda kwa uonevu au kinyume cha katiba, mdaiwa anapopiga hesabu kwamba faida ya kosa lake itazidi fidia atakayolipa, au sheria iliyotungwa inaporuhusu waziwazi. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikafuata njia hiyo katika shauri la Obongo dhidi ya Baraza la Manispaa ya Kisumu, na mahakama zetu zimebaki humo. Dereva wa lori aliyesinzia akakugonga ni mzembe, na uzembe peke yake hauingii hapo. Askari aliyekupiga ukiwa mahabusu anaweza kuingia. Mmiliki aliyeambiwa na fundi kwamba breki zimekufa, akaliachia basi liende kwa sababu msimu una abiria wengi, huyo naona anastahili kubanwa kwa kundi la pili, lakini utamhitaji fundi huyo kizimbani.

Wengi wananitajia yule mama wa Marekani aliyeungua kwa kahawa ya McDonald's. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya kuadhibu ya dola milioni 2.7 mwaka 1994, na jaji akaishusha hadi dola 480,000. Hata kwao, basi, hasira ilipunguzwa. Na kwetu faini anayotozwa dereva kwenye kesi ya jinai inakwenda serikalini, haiingii mfukoni mwako. Mahakama ya jinai inaweza kuamuru fidia, lakini usiitegemee badala ya shauri la madai.

Muda ni miaka mitatu kwa madai ya namna hii. Ukiishtaki serikali au halmashauri, unatanguliza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa. Kama uliumia kazini, anzia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kama ulipanda bodaboda bila helmeti, jiandae fidia kupunguzwa kwa mchango wako katika madhara.

Na siku ya ajali andika namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Hata bima ndogo tu, ile ya mtu wa tatu, hukatwa kwa ajili ya mtu kama wewe, na bima ndiyo mara nyingi yenye uwezo wa kulipa hukumu. Hukumu ikishatoka, riba ya asilimia 7 kwa mwaka inaendelea kuhesabika hadi senti ya mwisho ilipwe, na mdaiwa akikaidi tunaomba kukaza hukumu, dalali wa mahakama akamate mali.