Nakala rudufu: kuhifadhi ni nusu tu ya kazi

Waliosoma shule za zamani wanaikumbuka mashine ya kurudufu mitihani. Swali linachapwa kwenye stensili, mwalimu anazungusha mpini, karatasi zinatoka zikinuka wino. Nakala rudufu ya kompyuta imepata jina kwenye kitenzi hichohicho. Ni nakala ya faili inayowekwa mahali pengine, mbali na faili la awali, ili siku la awali likipotea au likiharibika uichukue nakala ile, uirejeshe, kazi iendelee. Ofisini na mitaani watu wengi husema tu bakapu, na ukiwauliza wanafanya nini watakwambia "nabakapu picha".

Baadhi ya programu zilizofasiriwa kwa Kiswahili huiita chelezo. Mimi neno hili nalipenda kuliko yote. Chelezo cha wavuvi ni kile kinachoelea juu ya maji, kimefungwa kwenye wavu uliozama chini. Wavu huuoni, lakini ukikiona chelezo unajua pa kushika, unavuta, wavu unakuja. Kazi yake haiishii kuelea. Kamba ikiwa imekatika, kile kinachoelea ni takataka tu ya baharini, hata kama kwa mbali bado kinaonekana kizuri.

Na hapo ndipo watu wengi tunapokosea. Tunahesabu nakala tulizoweka, hatuhesabu tulizowahi kuzirudisha.

Chukua mwanafunzi anayeandika tasnifu. Kwenye laptopu yake kuna "Sura ya 3 FINAL", "Sura ya 3 FINAL mpya", na "Sura ya 3 FINAL kabisa". Anaona ana nakala tatu. Kwa kweli ana moja, kwa sababu zote ziko kwenye diski moja ndani ya begi moja linalopanda daladala moja. Mwizi hachagui folda. Diski yenye sahani inayozunguka mara nyingi hulia tik, tik, tik siku kadhaa kabla haijakata roho. Zile za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka huweza kufa kimya, jioni umeifunga nzima, asubuhi kompyuta inasema haioni diski yoyote.

Flashi nayo ina mambo yake. Nani hajawahi kwenda steshenari kuchapisha barua, akarudi nyumbani na kukuta folda zote zimegeuka kuwa shotikati? Virusi vile huwa mara nyingi havifuti kitu. Huyaficha mafaili na kuweka viungo bandia mahali pake, na ukikibofya kimoja umevikaribisha ndani ya kompyuta yako. Mafaili hurudishika kama unajua pa kugusa. Tatizo ni kwamba mwenye flashi kwa hofu huiformati papo hapo, na hapo amemaliza kazi ambayo virusi havikuifanya. Halafu kuna flashi bandia: imeandikwa gigabaiti 512, ndani ina 16, na inaendelea kupokea mafaili bila kulalamika huku ikiandika mapya juu ya ya zamani. Majina ya mafaili utayaona yote. Kuyafungua ndiyo kazi.

Wengi siku hizi watasema: mimi vyangu viko kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni fulani unazozifikia kwa intaneti. Vizuri, lakini tutenganishe mambo mawili yanayofanana sura. Kuna kusawazisha na kuna kuhifadhi nakala. Huduma kama Google Drive, OneDrive na Dropbox kimsingi husawazisha, yaani hufanya folda ya kwenye kompyuta na ile ya kwenye wingu zifanane muda wote. Ukifuta huku, kule nako hufutika. Ukiharibu sura nzima ya kitabu saa nne usiku kwa usingizi, uharibifu unapanda winguni kwa sekunde chache. Kuna pipa la taka, na Google Drive huliacha faili humo siku 30, kwa hiyo ukishtuka mapema umepona. Ukishtuka mwezi wa pili, hujapona. Google Photos ndiyo inayowaponza watu zaidi. Mtu simu imejaa, anaingia ndani ya programu hiyo na kufuta picha za harusi akiamini zipo "kule juu", kumbe anafuta huku na huko kwa pamoja.

Akaunti yenyewe nayo si ya milele. Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na utekelezaji ulianza Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa Myspace ulikiri kwamba katika kuhamisha seva, yaani kompyuta zinazouhudumia, umepoteza nyimbo, picha na video zilizopakiwa kwake kwa miaka kama 12. Kulikuwa na wanamuziki ambao nakala pekee ya kazi yao ilikuwa hiyo.

Sasa nije kwenye kisa ninachokisimulia kila mtu anaponiambia "sisi tuna bakapu, usijali".

GitLab ni kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao. Ni watu wa fani hasa. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao mmoja alikuwa akihangaika na seva ya pili ya hifadhidata, inayotakiwa kuiga seva kuu, iliyokataa kufuatana nayo. Akaamua kuifuta folda ya data kwenye seva ya pili ili aanze upya. Akaandika amri, akabonyeza. Sekunde moja au mbili baadaye akaona jina la seva aliyokuwa ndani yake: ilikuwa seva kuu. Akasimamisha, lakini kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki gigabaiti 4.5.

Hadi hapo ni ajali, na ajali haina kinga. Kinachotisha ni kilichofuata. Walikuwa na njia 5 za kuhifadhi nakala, na walipozigeukia, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyodhani. Ile ya kila siku, iliyotakiwa kupeleka nakala kwenye hifadhi ya Amazon, walikuta hifadhi yake tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ni toleo la 9.6, kwa hiyo kila ilipoanza ilikwama na kuacha. Je, haikutoa taarifa? Ilitoa. Ilituma barua pepe za kushindwa, ila barua zenyewe zilikuwa zikikataliwa njiani kwa kukosa saini ya kidijitali inayotakiwa. Kimya kile kikachukuliwa kuwa heri.

Kilichowaokoa ni bahati. Saa kama 6 kabla ya ajali, mhandisi alikuwa amechukua nakala kwa mkono kwa sababu ya kazi nyingine kabisa, majaribio tu. Wakarejea kwenye hiyo. Huduma ilikaa chini kwa saa nyingi, na kazi ya zile saa 6 za katikati, watumiaji wapya, maoni, miradi iliyosajiliwa, ikaondoka moja kwa moja. Sifa niwape: waliandika yote hadharani huku wakiendelea kurekebisha, ndiyo maana tunayajua.

Walikuwa na vyelezo vitano, na kamba zote zilikuwa zimekatika.

Kisa cha pili nakitaja kwa ufupi, kwa sababu kinafundisha jambo jingine. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto. Jengo moja liliteketea lote na sehemu ya jirani yake, na mamilioni ya tovuti yakazimika. Kuna wateja waliokuwa na nakala, lakini nakala ziliwekwa kwenye kituo kilekile, zikaungua na mama yao. Watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Rust walitangaza kwamba data ya seva zao za Ulaya zilizokuwa hapo haitarudi. Kumbuka hili ukinunua diski ya nje na kuiweka kwenye droo ileile unayowekea laptopu.

Mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni inayoitwa 3-2-1: kazi yako iwe na nakala 3, kwenye aina 2 tofauti za hifadhi, na 1 iwe mbali na nyumbani au ofisini. Ni kanuni ya mtu anayeishi kwa picha, si ya mhandisi, na pengine ndiyo maana inakumbukika. Kwa mwandishi wa kawaida ni laptopu, diski ya nje, na wingu au diski nyingine iliyo kwa ndugu. Diski ichomolewe ukimaliza. Virusi vya kudai fidia, kama WannaCry iliyosambaa kwenye nchi zaidi ya 150 mwezi Mei 2017, hufunga kila diski inayoonekana na kompyuta. Ile uliyoiacha imechomekwa "ili isisahaulike" inafungwa pamoja.

Na nakala ichukuliwe mara ngapi? Swali lenyewe naligeuza: uko tayari kurudia kazi ya muda gani? Duka linaloingiza mauzo kila dakika haliwezi kusema "wiki". Mtu anayeandika makala moja kwa mwezi hana haja ya kuhangaika kila usiku. Watu wa kompyuta wana mpango wa zamani wa babu, baba na mwana: nakala ya kila siku ni mwana, ya kila wiki baba, ya kila mwezi babu, na kila mmoja anakaa kivyake bila kufutwa na mdogo wake. Faida yake utaiona siku utakapogundua kwamba faili liliharibika wiki tatu zilizopita. Mwana ameshanakili uharibifu, baba naye pengine, lakini babu bado anaikumbuka habari kama ilivyokuwa.

Wenye blogu wana mtego wao. WordPress ina sehemu ya kutoa nakala, na ukibofya unapata faili la XML. Watu hulishusha, wakaliona lina megabaiti kadhaa, wakalala usingizi. Ndani yake yamo maandishi na maoni ya wasomaji. Picha hazimo, zimo anwani za picha tu. Siku ya kuhamia kwingine, programu ya kupokea husoma zile anwani na kwenda kuzichukua picha kwenye tovuti ya zamani, na kama tovuti hiyo imeshafungwa, haipati kitu. Utabaki na makala kuhusu Maulidi ya Lamu yenye miraba mitupu mahali pa picha. Kwa WordPress unayoiendesha kwenye seva unayolipia, vinavyohitajika ni viwili pamoja: hifadhidata, ambamo maneno yote yamo, na folda ya wp-content, yenye picha na sura ya tovuti. Kimoja bila kingine ni nusu nyumba. Na wala usitegemee kwamba kampuni inayokuuzia nafasi inakufanyia. Soma mkataba, wengi huandika humo wazi kwamba jukumu ni la mteja.

Wingu lina jambo jingine ambalo kwetu halisahauliki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania na nchi jirani. Mafaili ya watu hayakupotea. Yalikuwa salama kabisa, huko yaliko. Lakini mtu mwenye mkutano asubuhi na slaidi zake ziko wingu tupu, bila diski, hiyo salama haikumsaidia kitu. Kuna na bando: kurejesha gigabaiti 200 kwa data ya simu ni gharama ambayo hakuna anayeipigia hesabu siku anapopakia kidogokidogo.

Na funguo. WhatsApp hukuruhusu kuifunga nakala ya mazungumzo kwa nenosiri au kwa ufunguo wa tarakimu na herufi 64. Ukipoteza ufunguo, WhatsApp wenyewe hawana namna ya kukufungulia. Nenosiri la nakala lisiandikwe mahali pamoja tu, tena ndani ya simu ileile.

Mimi nina diski mbili ndogo. Moja iko nyumbani, moja iko kwa dada yangu, ndani ya kabati la vyombo vya wageni, na kila mwisho wa mwezi nikienda kumsalimia tunabadilishana: naacha moja, nachukua nyingine. Kwa miaka miwili nilijiona mjanja. Juzi nikaichomeka ile ya kwa dada kwenye kompyuta ya mtu mwingine, nikachagua mafaili kumi kwa kufumba macho na kuyafungua moja moja. Tisa yalifunguka. La kumi lilikuwa sauti ya marehemu bibi akisimulia safari yake ya jahazi, dakika 41, nayo ilicheza dakika ya kwanza ikanyamaza. Ile ya nyumbani ilikuwa na dakika zote. Nimeinakili upya mara mbili, na safari hii nimeisikiliza hadi mwisho.