Laptopu, Wi-Fi na flashi: tunayoambizana na ukweli wenyewe

Naandika hii kwa sababu naona watu wanatoa hela kwa vitu ambavyo havigusi kabisa tatizo lao. Mtu Wi-Fi inasumbua chumbani anaambiwa ongeza kifurushi, anaongeza, bado inasumbua, anaambiwa badilisha ruta, anabadilisha, bado, mwisho anachoka anarudi kwenye bando la simu na kusema kampuni zote wezi. Mwingine laptopu nzito, anaambiwa hiyo imezeeka tafuta nyingine. Jamani bei ya laptopu kwa nyumba nyingi ni ada ya mtoto. Kwahiyo nimeokota zile dhana zinazorudi rudi zaidi, naanza na mtandao wa nyumbani maana malalamiko mengi yako huko.

"Nimelipia 20 lakini napata 2, naibiwa"

Hii ndo inaongoza. Kifurushi kinauzwa kwa megabiti, ila unapopakua faili kompyuta inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Ukilipia Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, ukaona faili linashuka kwa MB 2.5, yaani megabaiti, kwa sekunde basi umepata 20 yako kamili. Filamu ya GB 1.5 hapo inachukua kama dakika 10.

Sasa ukiona inashuka kwa MB 0.4 hapo una haki ya kulalamika, ila kabla hujapiga simu pima kwa waya. Chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye ruta moja kwa moja hadi kwenye laptopu, zima Wi-Fi ya laptopu, waombe wengine nyumbani waache video kidogo, halafu pima. Kwa waya ukipata kasi yako ujue kampuni wameleta walichokuuzia na shida iko humo humo ndani, kati ya ruta na wewe, hata ukinunua kifurushi cha 100 chumbani kwako itabaki vile vile. Kwa waya nayo ikiwa mbovu hapo wapigie, na uwaambie mapema kwamba umepima kwa waya, watakosa pa kukupigia danadana.

"Alama za Wi-Fi zimejaa, kwahiyo intaneti ipo"

Zile alama zinaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya kifaa chako na ruta, basi. Ruta ikiwa haina intaneti hata kidogo alama zitajaa vile vile. Na hapa kuna watu wanaamini intaneti yetu yote inashuka kutoka setilaiti, kumbe sehemu kubwa inakuja kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari na kutokea Dar es Salaam na Mombasa. Waya wa Seacom uliwashwa 2009, wa EASSy ukafuata 2010. Tarehe 12 Mei 2024, ile Jumapili, hizo zote mbili zilikatika na nchi kadhaa za huku zikabaki na intaneti ya kubahatisha, Tanzania na Kenya zikiwemo. Siku kama hiyo unaweza kurudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani mpaka kesho, haitasaidia, na mbaya zaidi unafuta na mipangilio ambayo fundi alikuwekea inabidi umwite tena umlipe. Ndo maana nasema kitobo kile kidogo cha nyuma ya ruta, kinachoirudisha kwenye mipangilio hiyo ya kiwandani, usikichome sindano ovyo, kuzima na kuwasha inatosha, na jirani mwenye mtandao tofauti akiwa naye analia basi subiri.

"Ruta yangu ina 5G"

Ruta nyingi sa hivi zinatoa majina mawili, moja la kawaida na jingine lina 5G mwishoni, na watu wanajua ile ni 5G ya minara ya simu. Siyo. Hapo 5 ni masafa, GHz 5, mwenzake anatumia GHz 2.4. Ile ya simu ni kizazi cha tano cha mitandao ya simu, haihusiani.

Ukielewa hii tofauti umeshatatua nusu ya matatizo ya Wi-Fi nyumbani. GHz 5 ina kasi lakini ukuta wa tofali unaidhoofisha haraka, kuta mbili tu na imeshachoka. GHz 2.4 inapenya zaidi na kufika mbali ila ni ya polepole, na ina msongamano kwa sababu majirani wote wako humo, Bluetooth iko humo, na hata microwave inafanya kazi kwenye masafa hayo hayo, ndo maana mtu akipasha chakula video yako inaweza kukwama. Kwahiyo TV na laptopu zilizo chumba kimoja na ruta ziweke GHz 5, simu ya kule chumba cha mwisho iache kwenye 2.4. Na kama unakaa kwenye fleti zilizobanana ingia kwenye mipangilio ya ruta ujaribu chaneli 1, 6 au 11 za ile 2.4, hizo ndo haziingiliani, chagua ambayo majirani hawajajazana.

Halafu ruta inakaa wapi? Nyumba nyingi fundi anaiweka pale waya unapoingilia, kona ya sebule, nyuma ya TV, na mwenye nyumba anaona vizuri maana haionekani. Nyuma ya TV kuna bamba la chuma, kabati lenye kioo cha kujitazamia nalo linarudisha mawimbi, tenki la maji linayameza. Weka juu, wazi, katikati ya nyumba kadri inavyowezekana, na siku fundi anakuja kufunga mwambie aache waya mrefu, siku hiyo ndo rahisi kuliko baadaye. Na wale wanaonunua kile kifaa cha kuongezea Wi-Fi halafu wanakichomeka kwenye chumba ambacho mawimbi hayafiki, jamani kitarusha nini? Kinakaa njiani, pale mawimbi bado yapo ya kutosha.

"Bando langu linaliwa na mtu"

Inawezekana jirani ana neno lako la siri, libadilishe, haigharimu kitu. Ila mara nyingi mlaji ni laptopu yenyewe. Ukiiwashia hotspoti ya simu, Windows haijui kama hiyo ni GB unazonunua kwa shida, inaanza kushusha apdeti zake. Nenda kwenye mipangilio ya huo mtandao, uweke alama kwamba una kikomo cha data, itajizuia kwa sehemu kubwa. Video nayo, Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inafika GB 1 kwa saa na ya HD hadi GB 3, sasa bando la GB 5 litamaliza wikiendi kweli?

"Laptopu nzito dawa yake rifreshi na programu ya kusafisha"

Hii tabia ya kubofya kulia kwenye uso wa kompyuta na kupiga rifreshi mara kumi imetuingia sana. Inachora upya aikoni zilizopo pale, haipunguzi chochote kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Na zile programu za kusafisha na kuharakisha, nyingi zinajiweka ziwake zenyewe kila ukiwasha mashine, yaani unaongeza mzigo mwingine.

Fanya hivi badala yake. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itatokea Task Manager, lifungue lile dirisha lake kamili, uangalie safu mbili, ya diski na ya RAM, wakati mashine inasumbua. Diski ikiwa 100% muda mrefu na laptopu yako ina ile diski ya zamani inayozunguka, basi hapo ndo penyewe, weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Nasema hivi kwa moyo wote, laptopu ambayo watu walishaitupa inaweza kukutumikia miaka mingine kwa kubadilishwa hicho kitu kimoja tu, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na laptopu mpya. RAM ikiwa imejaa mpaka 90 na kitu, ongeza RAM, ila muulize fundi kwanza kama yako inaongezeka kwa sababu kwenye laptopu nyembamba nyingi imechomelewa kwenye ubao. Zote mbili zikiwa sawa lakini mashine inachemka na feni inalia, mara nyingi ni vumbi, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Na ukisikia diski ya zamani inagonga gonga, acha kila kitu unakili mafaili yako leo hii, kusafisha utasafisha baadaye.

"Windows 10 imeisha kwahiyo laptopu yangu imekufa"

Microsoft waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika, inawaka kama kawaida, kilichokoma ni apdeti za usalama, na kwa mtumiaji wa nyumbani waliweka nyongeza ya mwaka mmoja mpaka 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Lakini hatari ipo, na inatugusa sisi hasa kwa sababu laptopu nyingi za mtumba za Kariakoo au Luthuli pale Nairobi zina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 na cha 7, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8 kwa hesabu rasmi. Kwahiyo ukienda kununua uliza kizazi kabla ya kuuliza bei, iko kwenye namba ya prosesa, i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8. Na aliyenayo tayari asikimbilie kuiuza kwa hasara, kuna Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, wa bure, mtu wa kuandika barua na kuingia mtandaoni ataizoea.

"Flashi imekula mafaili, fomati tu"

Hapana, hapana, usifomati! Umetoka kuprinti steshenari, umefika nyumbani unafungua flashi unakuta njia za mkato (shortcut) tupu au folda moja ya ajabu. Mafaili yako kwa kawaida bado yamo, kirusi kimeyaficha tu kimeweka hizo njia za mkato zinazokiwasha ukizibofya. Usibofye. Iskani kwanza flashi kwa antivairasi, halafu angalia imepewa herufi gani, tuseme F, fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt) uandike hivi:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Subiri imalize, mafaili yanarudi kuonekana. Nakili kwenye kompyuta yale yako tu, hapo sasa ndo ufomati ukitaka. Nawaza wanafunzi wangapi tasnifu zao zimepotea kwa kuambiwa "fomati tu" na mtu aliyekuwa na haraka. Na ukiwa umeshafomati kwa bahati mbaya usiweke kitu chochote kwenye hiyo flashi, fomati ya haraka inafuta orodha tu, data yenyewe inakuwa bado ipo mpaka iandikiwe juu, kuna programu za kuirudisha. Hiyo hiyo ndo sababu ya kutouza kompyuta yenye diski ya zamani baada ya kufuta mafaili kwa mkono, mnunuzi anaweza kuyafufua.

"Antivairasi mbili ni bora kuliko moja"

Zinagombana na mashine inakuwa nzito. Windows 10 na 11 zina Defender, antivairasi ya Microsoft wenyewe, ndani tayari, kwa mtu wa nyumbani inatosha mradi iko na apdeti. Hatari kubwa ni zile programu za kukrakia Windows na Office, nyingi zinakuambia zima antivairasi kwanza ndo uinstoli. Mtu anayekuomba uzime ulinzi ili aingie ndani, utamruhusu?

"Umeme ukikatika ndo unaunguza vifaa"

Mara nyingi unaunguza ukirudi, kwa kishindo. Umeme ukikatika chomoa, ukirudi subiri dakika chache utulie. Ekstensheni yenye taa nyekundu haikulindi, ile ni swichi tu, tafuta yenye kinga kweli au ile gadi ya friji na TV. Na wanaonunua betri ndogo ya ruta waangalie lebo ya adapta, nyingi ni volti 12 lakini kuna za 9 na za 5, ukikosea unaua ruta. Kile kiboksi cha fiba nacho kinataka umeme, ukiiwashia ruta peke yake hupati kitu.

"Nikitumia hali fiche sionekani"

Hali fiche (ile Incognito ya Chrome) haiweki historia kwenye kompyuta hiyo, inasaidia kwenye mashine ya watu wengi. Kampuni ya intaneti, ofisi yenye mtandao huo na tovuti unayoingia bado wanaona. Mwaka 2024 Google walikubali kufuta rekodi nyingi sana kumaliza kesi ya Marekani iliyohusu jambo hili hili.

"Tovuti ina kufuli, ni salama"

Kufuli, ile alama pembeni ya anwani ya tovuti, linamaanisha mawasiliano yako na hiyo tovuti yamefichwa njiani, halisemi mwenye tovuti ni nani. Tapeli naye anapata cheti cha kufuli bure, tena kwa dakika chache, na Chrome waliiondoa ile alama 2023 kwa sababu watu walikuwa wanaielewa hivyo hivyo. Wanaoumia hapa ni vijana wanaotafuta ajira na watu wa mikopo ya haraka, wanajaza namba ya kitambulisho, namba ya simu, mpaka PIN. Soma anwani yenyewe. Ukiacha ile https na mistari yake miwili (//), tafuta mstari wa kwanza wa kuegama (/) unaofuata, kilicho mara tu kabla yake ndo mwenye nyumba. Tovuti ya serikali ya Tanzania hapo itaishia na .go.tz, ya Kenya .go.ke. Ikiwa imeandikwa ajira.go.tz halafu ikaendelea na nukta na jina jingine linaloishia .com au .xyz, hiyo siyo ya serikali, funga, na aliyekutumia kwenye grupu mwambie aifute na wenzake wasiingie.