Maswali ya wakimbiaji wa marathoni, na ile dawa mnayomeza kabla ya mbio

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Nairobi. Kila mwaka mbio kubwa zikikaribia, foleni mlangoni hubadilika: wazee wa mgongo wanapungua, vijana wa ofisini wanaochechemea wanaongezeka. Maswali yao huwa ni yale yale.

Marathoni ni umbali gani hasa?

Kilomita 42 na mita 195. Zile kilomita 10 ni mbio nzuri lakini si marathoni, na si aibu kuanzia hapo.

Nijiandae kwa muda gani?

Kama unakimbia kilomita 5 bila kusimama, jipe wiki 16 hadi 20. Kama umetoka kwenye kiti cha ofisi juzi, mwaka huu kimbia nusu marathoni. Siku tatu au nne kwa wiki zatosha, nyingi ziwe za mwendo wa kupiga soga: mkiwa msituni Karura ukishindwa kumsimulia mwenzako habari, punguza kasi. Mara moja kwa wiki kimbia mbali, ukiongeza kidogo kidogo hadi kilomita 30 hivi, kisha wiki tatu za mwisho upunguze. Anayetoka Mombasa asishangae pumzi kukata. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari.

Muundi unaniuma. Nimeze diklofenaki, ile dawa ya maumivu, niendelee?

Hapana.

Alikuja kijana mmoja, mbio zimebaki wiki mbili. Nikamwambia anionyeshe panapouma. Akaweka kidole kimoja, mahali pamoja, kwenye mfupa wa mbele wa mguu. Nilipopabonyeza aliruka nusu ashuke kitandani. Mfukoni alikuwa na karatasi ya vidonge, vinne vimeshatoka. "Ikiuma nameza, ikitulia nakimbia." Alikuwa amefanya hivyo wiki tatu.

Maumivu yaliyosambaa kwenye msuli, yanayopungua mwili ukipata joto, hayanitishi sana. Yale unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, yanayozidi kadiri unavyokimbia na kukuamsha usiku, huenda ni ufa kwenye mfupa. Acha kukimbia leo, uje upimwe. Wala eksirei ya mapema isiyoonyesha kitu isikudanganye. Ufa mchanga mara nyingi hauonekani. Ukiwahi, kwa kawaida ni mapumziko ya wiki sita hadi nane. Ukichelewa, mfupa unaweza kuvunjika kabisa.

Basi nimeze kimoja tu asubuhi ya mbio, kama kinga?

Hapana tena. Hakikingi chochote. Unapokimbia kwa muda wa saa nne au tano, unapoteza maji na damu nyingi inaelekea kwenye misuli, hivyo figo zinapata kidogo. Dawa za kundi hili huzipunguzia hata hicho kidogo. Ukimaliza mbio ukakojoa mkojo wa rangi ya strungi, yaani chai isiyo na maziwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiseme utalala kwanza uone asubuhi.

Na ibuprofeni? Rafiki yangu humeza kila mbio na yuko sawa.

Ni ukoo ule ule. Hapana. Huyo rafiki amepimwa figo lini?

Parasetamoli je?

Si ya ukoo huo, lakini nayo inaficha maumivu, na mimi nataka uyasikie. Kama huwezi kuanza mbio bila kidonge, usianze.

Ninywe maji kiasi gani?

Fuata kiu. Kubugia maji matupu kila kituo kunazimua chumvi ya damu, na hilo nalo linaua. Mkimbiaji anayetapika, kichwa kinamuuma na maneno yanamchanganyika asiongezewe maji. Mwiteni mhudumu wa afya.

Nile nini?

Usiku, wali au ugali. Githeri, yale mahindi na maharagwe, hapana, utanishukuru kwenye kilomita ya 15. Asubuhi, uji na ndizi saa mbili tatu kabla ya kuanza, na iwe ni chakula ulichokwisha kukijaribu mazoezini. Viatu vivyo hivyo, hata vya mitumba vya Gikomba, mradi soli haijalala upande mmoja.

Akili niiandaeje?

Karibu na kilomita ya 30 akiba ya wanga kwenye misuli huwa inaisha, na kichwa kinaanza kukudai sababu ya kuendelea. Zile mbio ndefu za kila wiki ndizo zinazokifundisha kunyamaza. Siku yenyewe usihesabu kilomita 42. Hesabu hadi kituo kijacho cha maji. Usiku wa mwisho usingizi ukikataa, usijali, uliolala wiki nzima utakubeba.

Lakini jiandae pia kuacha. Vidonge vingi ninavyoviona humezwa kwa sababu ya aibu: umelipa, fulana umeshachukua, kundi la WhatsApp la ofisi linangoja picha. Eliud Kipchoge, aliyekimbia umbali huu kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, aliacha mbio za Olimpiki za Paris mwaka 2024 kwa maumivu ya mgongo. Wewe unamwogopa nani?

Na ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu cha kuzimia, simama hapo hapo uite msaada. Hilo halina mjadala.

Yule kijana alikimbia?

Hakukimbia. Alivaa fulana yake akasimama kando ya barabara kushangilia wenzake, kisha akanilalamikia juma zima. Wiki ya tisa tulianza: dakika moja kukimbia, dakika mbili kutembea.