Je, wajua kwa nini mtihani wa Haskell hufanywa kwa kalamu?

Programu huandikwa kwenye kompyuta, sasa kwa nini mwanafunzi wa chuo kikuu apewe karatasi tupu na kuambiwa aandike programu kwa mkono? Swali hili huwasumbua wengi wanapokutana na somo la kuandika programu kwa fanksheni, yaani kanuni zinazopokea kitu na kutoa jibu kama katika hisabati, kwa lugha za kompyuta kama Haskell. Chuo Kikuu cha Cambridge hulifundisha mwaka wa kwanza kwa lugha ya OCaml. Chuo Kikuu cha Edinburgh, ilikozaliwa lugha nyingine ya aina hii, ML, miaka ya 1970, imelifundisha kwa Haskell kwa muda mrefu.

Jibu la haraka mitaani ni kwamba huo ni mtihani wa kukariri: mhadhiri anataka kuona nani anakumbuka mabano yanakaa wapi. Sivyo. Swali la kufuatilia programu, yaani kukokotoa jibu lake hatua kwa hatua, huja na fanksheni yenyewe ikiwa imeshaandikwa, kwa hiyo hakuna cha kukumbuka. Wengine husema ni kuzuia udanganyifu, au kompyuta hazitoshi. Hayo yapo kila somo, lakini hayaelezi kwa nini somo hili hasa linakaa vizuri kwenye karatasi. Sababu kubwa imo ndani ya lugha zenyewe.

Tazama fanksheni hii inayojumlisha namba za orodha:

jumla [] = 0
jumla (x:xs) = x + jumla xs

Mstari wa kwanza unasema jumla ya orodha tupu ni 0. Wa pili unasema: chukua namba ya kwanza (x), uijumlishe na jumla ya zilizobaki (xs). Sasa kokotoa jumla [4,7,2]:

4 + jumla [7,2]
4 + (7 + jumla [2])
4 + (7 + (2 + jumla []))
4 + (7 + (2 + 0))

Jibu ni 13. Hakuna kilichofanyika hapo isipokuwa kuondoa kitu na kuweka kilicho sawa nacho, kama mtu anayebadilisha noti ya elfu kumi kwa noti mbili za elfu tano: umbo limebadilika, thamani haijaguswa.

Katika lugha nyingi nyingine, ubadilishaji huo ni hatari. Chukua f(2) + f(2). Kihesabu ni sawa na 2 × f(2). Lakini kama f ina kihesabio kilichofichwa kinachopanda kila inapoitwa, mara ya kwanza inaweza kutoa 5 na mara ya pili 6, ukapata 11 badala ya 10. Ili kuikokotoa kwa mkono lazima ukumbuke historia nzima ya mashine. Haskell hairuhusu fanksheni ya kawaida kuwa na kihesabio cha namna hiyo, ndiyo maana alama ya sawasawa ndani yake ni ile ile ya darasa la hisabati.

Ajabu hupungua ukijua chimbuko. Hesabu ya lamda, mfumo wa kuandika na kukokotoa fanksheni ambao ndio msingi wa lugha hizi, iliasisiwa na mwanahisabati Alonzo Church miaka ya 1930, kabla kompyuta za kielektroniki hazijakuwepo. Ilianzia kwenye karatasi.

Asaimenti huenda hatua moja mbele: thibitisha kwamba jumla (a ++ b) ni sawa na jumla a + jumla b, ambapo ++ huunganisha orodha mbili. Orodha a ikiwa tupu, pande zote mbili hubaki jumla b. Ikianza na x na kufuatiwa na xs, na tukichukulia kwamba kanuni inashika kwa xs, upande wa kushoto huwa:

x + (jumla xs + jumla b)

Hamisha mabano upate (x + jumla xs) + jumla b, ambayo ndiyo jumla a + jumla b, na umemaliza. Kwa kuwa kila orodha yenye mwisho hujengwa kwa kuanza na tupu na kuongeza kimoja kimoja, kwa mistari hiyo michache umezizungumzia zote, jambo ambalo kuijaribu programu kwenye kompyuta, hata mara milioni, hakuwezi kulifanya.

Ila hapo kwenye kuhamisha mabano pana mtego. Kwa namba kamili ni halali. Kwa namba za desimali, jinsi kompyuta inavyozihifadhi, si halali: jumla [0.1,0.2,0.3] hutoa 0.6, lakini jumla [0.1,0.2] + jumla [0.3] hutoa 0.6000000000000001. Kwa hiyo swali likisema "orodha ya namba kamili", maneno hayo ni sehemu ya uthibitisho, na mwanafunzi makini huyataja palepale anapohamisha mabano.