Kuyeyusha risasi nyuma ya jiko: maswali na majibu kwa wavuvi na familia zao

Nianze na neno lenyewe maana linachanganya. Risasi ni ile ya bunduki, na risasi ni haya madini ya kijivu, laini, mazito. Neno tumelipata kwa Waarabu na kwao ni madini kwanza, ile ya bunduki ikaitwa hivo kwa kuwa inatengenezwa nayo. Marekani kuna watu wanakaa gereji nyumbani kwao wanajitengenezea risasi za bunduki, huku pwani sisi tunayeyusha tupate chubwi, yaani vile vizito vya kuzamisha mshipi, na vizito vya nyavu, ila vyombo ni vilevile, kopo au sufuria mbovu, upawa, na kalibu ya kuchonga mwenyewe kwenye mbao au mchanga. Na sumu ni ileile. Mi ni muuguzi na nimekulia nyumba ya wavuvi, baba yangu mkubwa alikuwa anayeyushia nyuma ya jiko la nyumbani na sisi watoto tumechuchumaa tunaangalia ile risasi inavyong'aa kama kioo ikishaiva.

Swali: Risasi inaingiaje mwilini, si mpaka uile?

Jibu: Kuila ndo njia kubwa, ila watu hawajui kama wanaila. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 hivi, moto wa mkaa unafika hapo na kupita bila shida, na kwa vile hakuna anayepima basi unazidi kuchochea, na kadiri inavyozidi kupata moto ndo mvuke unaongezeka na unauvuta bila kusikia harufu yoyote. Alafu kuna lile gamba la juu, yale majivu ya kijivu au manjano unayoyaengua na kijiko ukayatupa pembeni. Hayo ndo mabaya kuliko yote jamani. Yakikauka ni vumbi laini sana, linashika kwenye mikono, shati, kanga iliyoanikwa karibu, kuku wanaparua hapo, mtoto anatambaa hapo alafu anatia kidole mdomoni. Moto umeshazimwa wiki nzima lakini vumbi bado lipo.

Swali: Kwa nini mnasema watoto watoto, mbona anayeyeyusha ni mtu mzima?

Jibu: Kwa sababu tumbo la mtu mzima linafyonza kidogo tu ya risasi iliyomezwa, kama sehemu moja ya kumi, la mtoto linaweza kufyonza karibu nusu, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu anafyonza zaidi. Ubongo wake bado unajengwa. Mtoto anakuwa mzito kuelewa shuleni, hatulii, anasahau, na mwalimu anamchapa akidhani ni mkaidi. Ikizidi sana anapata degedege, anapoteza fahamu, anakufa. Thiaroye-sur-Mer, kule Dakar, Senegal, kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 walikufa watoto 18 mtaani ambako watu walikuwa wanavunja betri za gari na kuchekecha mchanga wapate risasi ya kuuza. Na kwa mjamzito risasi inapita kondo la nyuma inamfikia mtoto tumboni, hata ile aliyoivuta zamani, maana inakaa kwenye mifupa miaka na miaka na mimba inaitoa.

Swali: Dalili zake ni zipi?

Jibu: Hapa ndo kwenye mtihani, dalili zinafanana na kila kitu. Tumbo kunyonga, choo kigumu, kichwa, uchovu, hamu ya kula hakuna, damu pungufu, presha, ganzi za mikono. Mtu anatibiwa malaria, anatibiwa taifodi, anapewa dawa ya minyoo, anarudi vilevile. Phyllis Omido wa Mombasa mtoto wake alipougua alipimwa magonjwa mengine kwanza kabla ya kugundulika ni risasi, na yeye alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri pale Owino Uhuru. Alipigania mpaka kikafungwa 2014, na 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo ukifika hospitali usisubiri uulizwe, sema mwenyewe "nyumbani tunayeyusha risasi", daktari hawezi kuota. Kipimo ni cha damu ya mshipa. Hospitali nyingi hazina mashine yake, itabidi uulizie ya rufaa. Shirika la Afya Duniani linasema ikifika mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu basi chanzo kitafutwe kiondolewe, ila hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Swali: Si tunakunywa maziwa baada ya kazi yanasafisha?

Jibu: Hapana. Hili naulizwa karibu kila siku, mafundi rangi, wachomeleaji, wavuvi, wote wana pakiti ya maziwa. Maziwa ni chakula kizuri na mwili wenye kalsiamu ya kutosha unafyonza risasi kidogo, lakini iliyokwisha kuingia hayaitoi, wala ndimu, wala mkaa wa kusaga. Zipo dawa za hospitali za kuivuta ila wanapewa wenye kiwango kikubwa, na hazina maana kama mtu anarudi kwenye vumbi lilelile.

Swali: Nikivaa barakoa je?

Jibu: Ile ya kitambaa au ya bluu ya kliniki haizuii mvuke wa risasi. Na glovu ukivua ukashika sigara kwa mikono ileile hujafanya kitu.

Swali: Mi siachi, ndo riziki. Nifanyeje basi?

Jibu: Nakuelewa, chubwi za dukani ni hela. Basi hamisha kazi, toka kabisa nyumbani, mbali na kisima na watoto na mjamzito, mahali pa wazi upepo ukutoke mgongoni. Betri usivunje kabisa, hiyo nakuomba. Kopo na upawa vya risasi visirudi jikoni hata visuguliwe vipi. Kalibu iwe kavu kabisa na mvua ikianza acha, tone la maji likizama kwenye risasi ya moto linalipuka na kukurushia usoni. Majivu yalowanishe yakishapoa, yafungie kwenye kopo lenye mfuniko, usifagie makavu. Badili nguo hukohuko, zifuliwe peke yake, oga kabla hujambeba mtoto. Na acheni kubana chubwi ndogo kwa meno! Baba mkubwa alikuwa anabana kwa jino la pembeni, risasi ikibaki na alama ya jino, alafu anatema mate anaendelea na stori.

Ila wenzetu wengine wanatumia nati kubwa, vipande vya nondo, jiwe lenye tundu, au saruji iliyomiminwa kwenye kipande cha bomba, na samaki wanapata. Uingereza chubwi ndogo za risasi hazijauzwa tangu 1987 kwa sababu bata maji walikuwa wanazimeza na kufa.

Swali: Mtoto kameza chubwi, nisubiri aitoe chooni?

Jibu: Usisubiri. Mpeleke leo apigwe eksirei, asidi ya tumbo inaimumunya taratibu. Minneapolis, Marekani, 2006 mtoto wa miaka minne alikufa kwa kumeza kidude cha bangili chenye risasi, na mwanzoni alikuwa anatapika tu kama aliyechafuka tumbo.