Faili lenye matabaka bado si kiolezo

Kiolezo cha matangazo ni faili la usanifu lililoandaliwa ili mtu ambaye hakulibuni aweze kubadilisha maneno, picha na bei bila kuvuruga mpangilio wake. Maana ni hiyo tu. Hata hivyo, imekuwa kawaida mteja kukabidhiwa faili la PSD, yaani faili la programu ya usanifu ya Photoshop, la bango lililokwisha kutumika, akaambiwa kuwa hicho ndicho kiolezo chake, eti kwa sababu matabaka yake, yaani sehemu za kazi zilizopangwa moja juu ya nyingine, hayajaunganishwa.

Matabaka, ambayo mafundi wengi huyaita leya, yaliingia katika Photoshop mwaka 1994 pamoja na toleo la 3.0. Yanamwezesha mbunifu kurekebisha sehemu moja bila kugusa nyingine wakati bado anatafuta sura ya kazi, na yanamfaa yeye kwa kuwa ndiye anayekumbuka kipi kiko wapi. Atakayelipokea faili hilo baadaye hukuta rundo la matabaka yasiyo na majina ya maana, kivuli cha picha iliyokwisha kuondolewa, na kichwa cha tangazo kilichogeuzwa kuwa picha, ambacho hakiandikiki upya.

Kuandaa kiolezo ni kazi nyingine, nayo huanza pale usanifu unapokwisha. Mwandaaji huamua kwanza yasiyopaswa kuguswa, yaani nembo, rangi za kampuni na nafasi za pembeni, akayafunga. Kisha yale yatakayobadilika huyapa majina yanayoeleweka, kama vile "bei" au "picha ya bidhaa". Chukua tangazo la Sabasaba ambalo mwezi unaofuata litatumika kwa Nane Nane: bei iliyokuwa Sh 9,500 sasa ni Sh 125,000, na kama kisanduku chake kilipimwa kwa tarakimu nne, namba mpya itapanda juu ya picha ya bidhaa. Ndiyo maana mwandaaji makini hukijaribu kiolezo kwa bei ndefu na jina refu kuliko yote yanayotarajiwa. Huangalia pia fonti, yaani muundo wa herufi, kwa sababu isipokuwepo katika kompyuta ya mtumiaji, programu huweka nyingine na mistari yote ikahama.

Watengenezaji wa programu wenyewe wameitambua tofauti hii. Illustrator, programu ya kuchora, ina aina ya faili ya AIT na InDesign, ya kupanga kurasa, ina INDT, zote kwa ajili ya violezo; ukilifungua faili la namna hiyo kwa njia ya kawaida, unapewa nakala mpya isiyo na jina, na la asili linabaki salama.

Basi mbunifu anayekabidhi PSD ya bango aiite faili la kazi, nalo lina thamani yake na linastahili kulipiwa. Mteja aliyeahidiwa kiolezo, naye, aombe kwa upole kuketi nacho mbele ya mbunifu, abadilishe bei na picha kwa mkono wake, kabla hajakamilisha malipo.