Ufadhili wa Mkutubi Mwanamke Hauishii Kwenye Karo

Juma lililopita binti mmoja anayehudumu katika maktaba ya shule alivuka feri kutoka Likoni, akaniletea ombi lake la ufadhili nimsomee. Ukurasa wote wa kwanza ulikuwa vyeti. Nikamwuliza, "Mwanangu, na wewe mwenyewe uko wapi humu?" Akainamisha macho. "Mama, nilidhani ndivyo wanavyotaka."

Wakutubi wengi huona ufadhili ni karo tu. Karo ni muhimu, lakini kuainisha na kuorodhesha vitabu mtu aweza kujifunza hapa hapa Kenya. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimesomesha wengi wetu. Kinachotukwamisha wanawake huja baadaye: kusimama mbele ya kamati na kutetea bajeti ya maktaba, kuandika pendekezo la mradi, kukaa na wakutubi wa nchi nyingine. IFLA, shirikisho la maktaba la kimataifa, lilifanya mkutano wake Nairobi mwaka 1984. Ukifanyika mbali, nauli ndiyo inayoamua nani aende.

Si jambo la jana. Melvil Dewey, aliyebuni mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, alipofungua shule ya ukutubi katika chuo cha Columbia, New York, mwaka 1887, darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 20, na 17 kati yao walikuwa wanawake. Wakuu wa chuo hawakupendezwa, na miaka miwili baadaye shule ikahamia Albany. Wanawake tulikuwapo tangu mwanzo; mlango ndio uliokuwa mwembamba.

Kwa anayetaka shahada ya uzamili Uingereza, Chevening, ufadhili wa serikali ya nchi hiyo, hulipia masomo ya mwaka mmoja. Inataka saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na kazi ya kujitolea huhesabiwa. Dada zangu mliopanga vitabu vya madrasa bila malipo, ziandikeni saa hizo! Haigharimii familia, na ukimaliza yakupasa urudi nyumbani kwa miaka miwili. Marekani na Kanada kuna P.E.O., jumuiya ya wanawake ambayo tangu 1949 imewasaidia wanawake wa nchi nyingine kusoma huko. Margaret McNamara Education Grants huwafadhili wanawake wa nchi zinazoendelea waliotimiza miaka 25, ila sharti uwe umeshaingia chuoni.

Swali la mtoto ndilo linaloniuma. Nilipokuwa na miaka thelathini nilipata nafasi ya kozi ya majuma sita. Mkubwa wa ofisi nilimokuwa nikifanya kazi hakuniuliza nitajifunza nini, aliniuliza mtoto nitamwachia nani. Fomu ikabaki mezani kwake mpaka muda ukapita. Ndiyo maana nikisoma masharti huanza na ukurasa wa posho. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, kwa mfano, una posho ya mtoto kwa mzazi anayelea peke yake, na una pia masomo ya mbali, unasoma ukiwa kwako. Mama wa Kisauni mwenye watoto watatu, mimi humwelekeza huko kwanza.

Tukarudi kwa ombi la binti. Nilimwuliza hufanya nini shuleni saa za jioni. Kumbe ameorodhesha vitabu vyote kwa mkono kwenye daftari, maana kompyuta hakuna, na baada ya alasiri huwakalisha wasichana wa kidato cha pili wasome kabla hawajaenda kusaidia nyumbani. Hayo yote hakuyaandika! Aliona ni kazi ya kawaida. Anayesoma maombi mia moja yenye vyeti vile vile atalikumbuka daftari lile.

Tukaandika upya. Daftari na wasichana wakakaa aya ya kwanza, na katika ya pili akasema waziwazi anachokosa: hajui kuandaa bajeti, na mwalimu mkuu humtaka bajeti kila mwaka. Vyeti tukavipeleka mwisho. Kilichobaki ni barua ya mapendekezo ya mwalimu mkuu. Nimemwambia Jumatatu awahi kabla ya gwaride, na nakala ya ombi mkononi.